Leseni Haihakiki Msimbo

Mwaka 2019 wahandisi wa usalama wa Microsoft walieleza kwamba takribani asilimia 70 ya mianya wanayoiziba kila mwaka inatokana na jambo moja: programu kutumia kumbukumbu ya kompyuta vibaya, ama kwa kusoma nje ya mipaka ya eneo ililopewa, ama kwa kurudi kwenye eneo ambalo limekwisha kuachiliwa. Mwaka uliofuata timu ya Chromium, kivinjari ambacho msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu, uko wazi kwa yeyote, ilizipanga hitilafu zake kubwa za usalama na kukuta kiasi kilekile, karibu asilimia 70. Hawa wanauficha msimbo, wale wanauanika, na wote wameumia mahali pamoja kwa kiwango kimoja. Sababu yake inajulikana. Sehemu kubwa ya kazi yao imeandikwa kwa C na C++, lugha zinazomwachia mwandishi mwenyewe akumbuke ukubwa wa kila eneo la kumbukumbu na lini limekwisha kutumika.

Nimeanza na takwimu hizo kwa sababu mjadala wa programu huria, ambazo yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuubadili msimbo wake, na programu funge, ambazo mwenyewe anaufungia msimbo, unaendeshwa kishabiki. Wa upande huu wanasema macho mengi hayaachi kosa lipite. Wa upande ule wanasema kazi ya kujitolea haiwezi kulingana na kazi ya kulipwa. Wote wanaichukulia leseni kana kwamba ndiyo inayoandika msimbo. Leseni ni hati ya kisheria. Inaeleza nani ana ruhusa ya kuusoma msimbo, kuubadili na kuusambaza. Haielezi nani ameusoma, nani ameujaribu, wala badiliko la jana limepita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia mtumiaji. Ubora unaamuliwa na mambo hayo ambayo leseni haiyagusi.

Waliokwenda kupima wamerudi na majibu yasiyomfurahisha mshabiki yeyote. Mwaka 2008 mtafiti wa Kigiriki, Diomidis Spinellis, alilinganisha kerneli nne, yaani viini vya mifumo endeshi ya kompyuta: Linux, FreeBSD, Solaris, na ile ya Windows ambayo Microsoft iliitoa kwa ajili ya vyuo vikuu. Mbili za kwanza zimekulia mikononi mwa jumuiya, ya tatu ililelewa ndani ya kampuni kisha ikafunguliwa, ya nne haijawahi kuwa huria. Alipima mpangilio wa mafaili, urefu na ugumu wa fanksheni, uthabiti wa mtindo wa uandishi, na namna data zilivyopangwa. Kila kerneli iliongoza kwa vipimo fulani na kushika mkia kwa vingine, na kwa jumla hakuna iliyoziacha nyingine. Maoni yake yalikuwa kwamba kazi inayodaiwa kutoka kwa programu ndiyo inayojenga ubora wake, kuliko namna waandishi walivyojipanga kuiandika. Nakubaliana naye. Kerneli ikiyumba kompyuta nzima inaanguka, kwa hiyo anayeiandika hana budi kuwa makini, alipwe asilipwe.

Coverity, iliyokuwa ikiuza chombo cha kuchambua msimbo bila kuuendesha, nayo ilikuwa ikitoa ripoti ya mwaka. Ya 2012 ilionyesha hitilafu 0.69 kwa kila mistari 1,000 kwa programu huria, na 0.68 kwa programu funge. Ya 2013 ikaonyesha 0.59 kwa huria na 0.72 kwa funge. Wapenzi wa programu huria waliishika hiyo ya 2013 na hadi leo hawajaiachia, lakini mimi siwezi kujenga hoja juu yake. Chombo cha aina hii huhesabu kile kinachojua kukitambua: pointa tupu (anwani ya kumbukumbu isiyoelekeza popote), kumbukumbu isiyoachiliwa, kigeu kilichotumika kabla ya kupewa thamani. Programu inayokokotoa riba kwa kanuni isiyo sahihi, ikiwa imeandikwa kwa usafi, itapata alama safi. Tena waliopimwa ni wale waliojipeleka kupimwa, yaani miradi iliyojiandikisha na kampuni zilizonunua chombo. Mradi uliooza hauonekani kwenye orodha hiyo, uwe wa upande gani. Na hitilafu iliyotikisa dunia Aprili 2014, iliyokuwa imekaa wazi ndani ya mradi huria, chombo hicho hakikuwa kimeiona.

Hitilafu hiyo ni Heartbleed, na inastahili kutazamwa kwa karibu.

Maktaba ya OpenSSL, yaani msimbo ulioandaliwa ili programu nyingine ziutumie, inayosimba mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa na kipengele cha kuuliza kama mwenzako bado yuko hewani. Upande mmoja hutuma ujumbe wenye baiti 1 ya kutaja aina yake, baiti 2 za kutaja urefu wa maneno yaliyomo, maneno yenyewe, na baiti zisizopungua 16 za kujazia. Upande wa pili unatakiwa kuyarudisha maneno yaleyale. Msimbo wa kupokea ulisoma zile baiti 2, ukauamini urefu uliotajwa, ukanakili kutoka kwenye kumbukumbu baiti za idadi hiyo na kuzirudisha. Haukuuliza ni baiti ngapi zimefika kweli. Ukituma baiti 1 na kudai umetuma 65,535, seva inakurudishia karibu kilobaiti 64 za chochote kilichokuwa jirani: nywila za watu, vitambulisho vya waliokwisha kuingia, hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Kiini cha dawa yake kilikuwa ulinganisho mmoja. Chukua 1, ongeza 2, ongeza urefu uliotajwa, ongeza 16. Jumla ikizidi ukubwa wa rekodi iliyopokelewa, tupa ujumbe.

Kosa hilo liliingizwa siku ya mwisho ya mwaka 2011, likatoka na toleo 1.0.1 mwezi Machi 2012, likazibwa kwa toleo 1.0.1g tarehe 7 Aprili 2014. Miaka miwili na ushei, msimbo uko hadharani, na mashirika makubwa kabisa duniani yanautumia. Macho mengi yalikuwa wapi? Mradi wenyewe ulikuwa ukipata michango ya takribani dola 2,000 kwa mwaka na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wote. Waliokuwa na fedha walipakua na kutumia, hawakusoma. Hata vyombo vya kunasa makosa ya kumbukumbu vilizibwa macho, kwa sababu OpenSSL ilikuwa na utaratibu wake yenyewe wa kugawa kumbukumbu, uliotumia tena maeneo yaliyoachiliwa bila kuyarudisha kwanza kwenye mfumo. Chombo ambacho kingepiga kelele kwa usomaji wa nje ya mipaka hakikuona mpaka wowote ukivukwa.

Uhuru wa msimbo ulifanya kazi baada ya hapo, na ulifanya kazi kwelikweli. Mwezi huohuo wa Aprili watu wa OpenBSD, mfumo endeshi huria, walichukua nakala, wakaianzisha upya kwa jina la LibreSSL, na katika juma la kwanza walikuwa wamefuta zaidi ya mistari 90,000. Linux Foundation ilikusanya fedha kutoka kwa kampuni zilizokuwa zikitumia maktaba hiyo bure ili walipwe watu wa kuitunza. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa kwa mwenye mali. Ndiyo faida ya programu huria ninayoitetea bila kusita: kosa likijulikana, yeyote mwenye uwezo anaweza kuanza kazi siku hiyohiyo. Ahadi kwamba kosa litaonekana mapema ni jambo jingine, na haimo ndani ya leseni.

Sasa tuje kwa wanaolipwa. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilizikadiria kufikia milioni 8.5. Programu yao hukaa ndani ya kerneli na kusoma mafaili ya kanuni yanayotumwa mara kwa mara. Aina mpya ya kanuni ilikuwa imetengenezwa ikiwa na nafasi 21 za data, lakini msimbo uliotakiwa kuzijaza ulileta data 20 tu. Majaribio ya awali yalipita kwa sababu kanuni zote zilizotumika ziliweka alama ya "chochote kile" kwenye nafasi ya 21, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuifungua. Siku hiyo likaja faili lenye kanuni iliyotaka kuitazama nafasi hiyo kwa dhati. Programu ikasoma nje ya mpaka wa orodha, na kwa kuwa iko ndani ya kerneli, Windows nzima ikaanguka nayo. Kihakiki cha mafaili kililipitisha faili hilo kwa sababu nacho kiliamini kwamba data 21 zinaletwa. Kisha likatumwa kwa wateja wote kwa mkupuo badala ya kuanza na asilimia moja na kungoja. Kompyuta nyingi zilibidi ziguswe moja moja: ziwashwe katika hali ya usalama, lifutwe faili linaloanza kwa C-00000291, na penye diski iliyosimbwa utafutwe kwanza ufunguo wake wa kufungulia.

Weka makosa haya mawili kando kwa kando. Moja ni la mradi uliokuwa ukiishi kwa michango, jingine ni la kampuni yenye wahandisi wa kulipwa na wateja wakubwa. Katika yote mawili kuna idadi iliyotajwa na idadi iliyopo, na hakuna mstari unaozilinganisha. Ulinganisho huo ungeweza kuandikwa chini ya leseni yoyote. Kilichokosekana ni mtu, au jaribio la otomatiki, la kuuliza: ikiwa namba hizi mbili zitatofautiana, itakuwaje? Jaribio la kuilisha programu data mbovu kwa makusudi, maelfu kwa maelfu, huku mipaka ya kumbukumbu ikilindwa, huyakamata makosa ya aina hii kwa saa chache. Google ilianza kulifanya hilo bure kwa miradi huria mwishoni mwa 2016, na hiyo ni moja ya hatua zilizoinua ubora wa programu huria kuliko hotuba zote zilizowahi kutolewa juu ya jumuiya.

Anayetaka kuona kazi inayopendeza aitazame SQLite, hifadhidata iliyomo karibu katika kila simu. Msimbo wake hauna leseni kabisa. Umetolewa kuwa mali ya umma. Lakini mradi haupokei mabadiliko kutoka kwa wapita njia, na waandishi wake ni wachache mno. Kufikia toleo 3.42.0 la Mei 2023, maktaba ilikuwa na mistari takribani 155,800 ya C, na msimbo wa majaribio ulikuwa mara 590 ya huo, zaidi ya mistari milioni 92. Majaribio hayo yanafikia kipimo kilichotokana na kanuni za programu za ndege: kila sharti ndani ya kila uamuzi lazima lionyeshwe kwamba, likibadilika peke yake, linabadili matokeo. Katika jaribio la kuishiwa kumbukumbu, ombi la kwanza la kumbukumbu hufanywa lishindwe na matokeo yakaguliwe. Kisha linarudiwa likishindwa ombi la pili, kisha la tatu, hadi kazi nzima imalizike bila kuguswa. Umeme kukatika katikati ya kuandika nako huigizwa vivyo hivyo. Na kuna jambo ambalo mashabiki wa pande zote mbili hawapendi kulitaja: mkusanyo wa majaribio unaofikia kipimo hicho kwa ukamilifu, unaoitwa TH3, ni mali funge. Msimbo uko wazi, na sehemu ya kile kinachoufanya uaminike imefungwa.

Hata kusoma msimbo kunahitaji kujua unasoma upi. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata huria ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kukichelewa kwa nusu sekunde hivi. Alifuatilia hadi akaukuta mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya xz, programu huria ya kubana data, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupanda alikuwa amejijengea imani ya mradi kwa zaidi ya miaka miwili, akimsaidia mtunzaji aliyekuwa amechoka. Sehemu iliyowasha mtego huo haikuwamo kwenye hazina ya msimbo ya mradi. Ilikuwa kwenye kifurushi cha toleo kilichopakiwa kando. Mtu angesoma hazina ile kutwa kucha asingekiona kichocheo. Ndiyo maana kujenga programu kutoka kwenye hazina yenyewe, na kulinganisha na kifurushi baiti kwa baiti, ni kazi ya lazima kwa wasambazaji. Freund alifika mwisho wa uzi kwa sababu aliweza kufungua kila tabaka lililokuwa mbele yake. Kwa programu funge, nusu sekunde ile ingeishia kuwa ombi kwenye dawati la huduma kwa wateja.

Kwa anayechagua programu, basi, kazi iko hivi. Ikiwa ni huria, pakua hazina na uendeshe amri ya git shortlog -sn --since="1 year ago". Itakuonyesha majina na idadi ya mabadiliko ya mwaka mzima. Jina moja likibeba karibu yote, ujue unamtegemea mtu mmoja, afya yake na subira yake. Si lazima uukatae mradi, ila panga bajeti ya kumsaidia au ya kuuchukua siku atakapoondoka. Halafu jenga programu kwenye mashine safi kwa kufuata maelezo yao tu. Ikishindikana, haki yako ya kubadili msimbo ipo kwenye karatasi pekee. Endesha majaribio yao, kisha haribu msimbo kwa makusudi: geuza alama ya "ndogo kuliko" iwe "ndogo kuliko au sawa" mahali kumi hivi, ondoa ukaguzi mmoja wa makosa, uendeshe tena. Majaribio yakipita yote, hayapimi kitu, hata kama ukurasa wao unajivunia asilimia 95 ya mistari iliyoguswa na majaribio. Mwisho fungua hitilafu kadhaa zilizofungwa hivi karibuni na uone kama kila kiraka kimekuja na jaribio lake. Kiraka kisicho na jaribio hurudi kuwa hitilafu baada ya matoleo mawili matatu.

Kwa programu funge huwezi kufanya hayo, kwa hiyo yadai kwa mkataba. Dai orodha ya maktaba zote zilizomo ndani, pamoja na matoleo yake. Programu funge nyingi zimejaa programu huria. Mwanya wa Log4j, maktaba huria ya kuweka kumbukumbu za matukio ya programu, ulipotangazwa Desemba 2021, ukiwa umekaa tangu 2013, wateja wengi walibaki kuwasubiri wauzaji, na wauzaji wenyewe wengine hawakujua kama wanayo maktaba hiyo. Dai uwezo wa kuchelewesha masasisho na kuyapitisha kwanza kwenye mashine chache, masasisho ya data na kanuni yakiwemo, kwa maana CrowdStrike iliangusha watu kwa faili la kanuni, si kwa toleo jipya la programu. Dai nakala ya msimbo iwekwe kwa mtu wa tatu dhidi ya siku kampuni itakapofilisika, na mtu huyo athibitishe kila mwaka kwamba nakala hiyo inajengeka. Soma pia vifungu vya makatazo: baadhi ya leseni za hifadhidata zinakukataza kutangaza matokeo ya vipimo vya kasi ulivyofanya mwenyewe. Kifungu cha namna hiyo kikiwepo, sifa unazosoma juu ya bidhaa zimechujwa.

Kuna mahali pamoja ambapo sikubali mapatano. Uingereza, kuanzia 1999 hadi 2015, mamia ya wasimamizi wa matawi ya posta walishtakiwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, ulionyesha upungufu wa fedha kwenye hesabu zao. Waliotiwa hatiani wanazidi 900. Bunge la nchi hiyo lilikuwa limefuta mwaka 1999 kifungu kilichotaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa; tangu hapo mahakama zikachukulia kwamba mashine haina kosa hadi mwingine athibitishe kuwa inalo. Mshtakiwa angethibitisha kwa kutumia nini? Msimbo hakuuona. Wahandisi walikuwa na daftari la hitilafu zinazojulikana, nalo hakulipata. Kampuni iliweza kubadili data za tawi kwa mbali, na kwa miaka mingi hilo lilikanushwa. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba hitilafu zilikuwepo na ziliweza kuleta upungufu ule, na mwaka 2024 Bunge likafuta hukumu kwa sheria maalumu.

Kwa mfumo wowote ambao karatasi yake inaweza kumfikisha mtu kizimbani, sharti liandikwe kwenye mkataba wa ununuzi tangu siku ya kwanza: msimbo wa toleo lililokuwa likitumika siku ya tukio, daftari la hitilafu zinazojulikana, na kumbukumbu za kila badiliko lililofanywa kwa mbali, vyote vikabidhiwe kwa mtaalamu wa mshtakiwa ndani ya siku zilizotajwa. Msimbo unaweza kubaki mali ya kampuni na usitangazwe kwa umma. Muuzaji akikataa sharti hilo, mnunuzi aende kwa mwingine.